Taya za Baba

Jino la jembe lilimchoma baba unyayoni akichimba mashimo ya miche ya kahawa, kwenye shamba moja la mzungu upande wa Ruiru. Alifanya tulivyofanya sote: akachota udongo wa shimo lile lile, uliochanganywa na samadi, akaukandamiza kwenye kidonda mpaka damu ikakatika. Akafunga kitambaa, akaendelea kuchimba. Udongo ulitulisha, nani angeuogopa? Dawa ya duka ilikuwa ya watu wenye viatu.

Kidonda kilifunga vizuri. Wiki iliyofuata akaamka akilalamika shingo. Jioni uji ukawa unamtoka pembeni mwa mdomo, na kulipokucha taya zilikuwa zimekazana kabisa. Hata sufuria ikianguka, mwili wake wote ulikakamaa, mgongo ukapinda.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka waliokula kiapo cha kupigania ardhi. Walikuwa wametukusanya kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na hutoki bila kibali cha mkuu wa kijiji. Mama akanichukua twende kuomba kibali cha kumpeleka baba hospitali ya Thika. Yule mkuu alikuwa mtu wetu, amekula kwetu mara nyingi kabla hajapewa kofia. Akaja mwenyewe na askari wawili, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Mzee, sema ni nani alikulisha kiapo."

Baba alimtazama tu. Ugonjwa ulikuwa umeivuta midomo yake, meno yakabaki nje.

"Ona vile ananichekea," mkuu akasema. "Hii mdomo inajua kula, lakini kwa serikali inafungwa?"

"Hata maji haiingii," mama akamwambia. "Baba wa watoto ni mgonjwa. Hawezi kufungua mdomo. Nakuomba."

"Akisema jina moja, kibali unapata sasa hivi."

Wakamtikisa mabega. Kadiri walivyomtikisa ndivyo alivyokakamaa, na kadiri alivyokakamaa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ni kiburi cha kiapo. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kibali hakikutoka. Baba alikufa siku ya pili yake, akili timamu mpaka mwisho, akisikia kila neno.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua jina la kilichomuua. Nilimpeleka binti yangu kuchanjwa, na nesi akanieleza pepopunda: kwamba vijidudu vyake hukaa udongoni, hasa penye samadi, wala havina haja na mtu, lakini ukivifungia ndani ya kidonda chenye kina kisichopata hewa, hutoa sumu inayokaza misuli, ikianzia tayani. Udongo sina ugomvi nao, haukujua. Yule mkuu wa kijiji aliambiwa.

Na tulipopata Uhuru, alizeeka vizuri, akapewa kiti cha mbele kanisani. Mama alipofariki, alisimama kwenye mazishi yake kutoa rambirambi.

"Mume wa huyu mama alikuwa mwanaume kamili," akasema. "Nilimuuliza mimi mwenyewe, na alikufa na siri yake."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wengine wakapiga makofi. Nikasimama pale kando ya jeneza.

"Hakuwa na siri yoyote," nikamwambia. "Alikuwa anakufa, na huyu mama alikuambia."

Mchungaji akaomba tuimbe.