Kiti cha Nelima

Huko mtaa wa Landless, Mzee Nzioki hangeweza kwenda kununua maziwa akarudi haraka. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Thika tangu ujanani, akastaafu akiwa pale pale, na kila mlango aliopita ulikuwa na mtu wa kumwita. Huyu alitaka kumwonyesha mjukuu, yule alikuwa na habari za mazishi, mwingine alitaka tu kupiga stori. Mkewe Ndila alizoea kumwambia, "Ukienda dukani beba blanketi, kwa sababu utalala huko."

Ndila alipokufa, mwana wao Musau alisema baba yake hawezi kubaki peke yake. Akamhamishia Mwihoko, karibu na Githurai, kwenye nyumba aliyokuwa amepanga mwenyewe, wakaishi pamoja vizuri tu. Kisha Musau akapata kazi Qatar. Alimwacha baba yake ghorofani, kodi imelipwa, mtungi wa gesi umejaa, na simu mpya ambayo mzee alijua kuipokea tu.

Mwihoko kuna watu wengi kuliko Landless, lakini ni watu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni wamechoka. Majirani walimsalimia kwenye ngazi bila kusimama. "Poa, mzee?" Kabla hajafungua mdomo, wameshafika chini. Kuna siku alijikuta akiongea na redio, akimjibu mtangazaji, akanyamaza ghafla kana kwamba kuna mtu aliyemsikia.

Macho yalipoanza kumsumbua, alipewa siku ya kwenda kliniki mjini Nairobi. Alienda stesheni ya Githurai kupanda treni ya asubuhi. Ile treni hutoka Ruiru, kwa hiyo ikifika Githurai huwa viti vimekwisha. Mzee aliingia, akashika chuma, akapanga miguu yake vizuri ili asiyumbe.

"Guka, njoo ukae hapa."

Aliyemwita guka, yaani babu, alikuwa msichana mwenye koti kubwa la bluu na mfuko wa chakula mkononi. Alikuwa ameshasimama.

"Kaa tu, mwanangu. Mimi niko sawa."

"Aa, guka. Nitakaa aje na wewe umesimama? Mama yangu akisikia atanichapa na ukubwa huu."

Watu wa karibu wakacheka. Mzee Nzioki akakaa. Msichana alimwuliza anaenda wapi, akamwuliza macho yameanza lini, na kila alichojibiwa alikisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaitwa Nelima, kwao ni Bungoma, anaishi Ruiru, na hushukia Makadara kwa sababu kazi yake iko kwenye kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Aliposhuka alisema, "Guka, waambie wakuangalie vizuri huko."

Mzee alirudi kliniki wiki iliyofuata, na kiti kikawa ni kile kile. "Macho yanaendeleaje?" Nelima akauliza. Wiki iliyofuata tena, daktari akamwambia dawa imefanya kazi, hana haja ya kurudi.

Asubuhi yake aliamka mapema, akavaa koti, akaenda stesheni.

Mwenyewe hakujiuliza sana kwa nini. Alifika mjini, akanywa chai, akakaa kwenye benchi hadi jua likawa kali, akapanda gari la kurudi Githurai. Kesho yake akaenda tena. Ikawa ndiyo kazi yake. Nelima akimwona mlangoni anasimama, "Guka, karibu," naye anakaa, wanaongea hadi Makadara. Akiulizwa kuhusu macho, anajibu kwamba bado wanayaangalia. Siku iliyobaki aliivumilia kwa sababu ya yale mazungumzo.

Mvua za Aprili zilipopungua, asubuhi moja ikawa na joto ndani ya behewa. Nelima alimpa kiti kama kawaida, akafungua vifungo vya koti. Mzee Nzioki aliinua macho, akaona tumbo. Halafu akaona miguu. Nelima alikuwa ametoa kisigino kwenye kiatu, na mguu umevimba hadi alama ya kiatu imebaki kwenye ngozi.

"Huko kazini mnakaa?" mzee akauliza.

"Kukaa?" Nelima akacheka. "Guka, pale ni kusimama mpaka jioni. Sabuni inakuja, unaifunga, inakuja, unaifunga."

Mzee alihisi uso wake ukiwaka. Akainuka. "Kaa, mwanangu."

"Hapana, guka. Wewe ni mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Kliniki nilimaliza kitambo."

Nelima akamtazama. "Sasa kila siku unaenda wapi?"

"Siendi pahali." Alijaribu kutabasamu. "Nyumbani hakuna mtu, Nelima. Hapa angalau wewe unaniuliza macho yangu yako aje."

Nelima aliangalia nje dirishani, akaangalia kile kiti kilichokuwa wazi kati yao, kisha akakaa. Hawakupita hata stesheni iliyofuata kabla kichwa chake hakijaegemea dirisha. Alilala usingizi mzito, mdomo wazi kidogo, mfuko wa chakula mapajani.

Hapo ndipo mwanamume mmoja aliyekaa upande wa pili, mwenye tai na simu mkononi, akapaza sauti.

"Haki vijana wa siku hizi! Ona huyo msichana amelala na mzee amesimama juu yake. Wewe! Wewe dada!"

"Huo ni usingizi wa uongo," mwingine akasema.

"Hawakufunzwa kwao."

Nelima akashtuka, akafuta mdomo kwa mkono, akaanza kuinuka huku akisema, "Pole, pole sana." Mzee Nzioki akamwekea mkono begani, akamrudisha chini.

"Kaa." Kisha akageukia watu. Sauti yake ilitetemeka, kwa maana alikuwa hajazungumza mbele ya watu tangu mazishi ya mkewe. "Huyu ni binti yangu. Mimi ndiye nimemwambia akae. Amefunzwa kwao, amefunzwa vizuri sana. Mwacheni alale."

Mama mmoja mwenye kikapu akamgeukia yule wa tai. "Na wewe ndugu yangu, kama unamhurumia mzee hivyo, mbona wewe umekaa?"

Kicheko kikapasuka. Mwenye tai akainamia simu yake, na hakusimama mpaka treni ikafika mwisho. Mama wa kikapu ndiye aliyejisogeza, akamgawia mzee nusu ya nafasi yake.

Kuanzia siku hiyo mambo yakageuka. Nelima alikaa, mzee akasimama kando yake ameshika chuma, au akapata nafasi kwa mtu mwingine. Walizungumza juu ya mumewe Absalom, aliyekuwa fundi wa mjengo, na juu ya mama yake kule Bungoma, aliyekuwa akimsubiri aende akajifungulie nyumbani. Siku nyingine Nelima alilala njia nzima, na mzee akamwamsha Makadara kwa kumgusa bega. Siku hizo hazikumuudhi.

Ijumaa moja Nelima alisema, "Guka, leo ndiyo ya mwisho. Kesho tunaenda."

"Safari njema, mwanangu. Msalimie mama."

"Nitamsalimia. Na wewe ukae nyumbani ulale, usiamke na hii baridi. Na ukule."

Treni ikasimama. Watu wakasukumana kushuka, naye akapotea kati yao, koti la bluu likaonekana kidogo kwenye ngazi, basi. Treni ilikuwa imeshaondoka mzee alipokumbuka kwamba hakumwomba namba ya simu. Wala hakuwa amemuuliza jina lake lingine. Huko Bungoma akina Nelima hawana idadi.

Jumatatu alienda stesheni. Kijana mmoja mwenye vitu vya muziki masikioni alimwona, akaondoka kwenye kiti, akamwonyesha kwa kidevu. Mzee akamshukuru. Kijana hakusikia.

Hakufika mjini siku hiyo. Alishuka Makadara, akasimama kando akiwatazama wafanyakazi wakielekea viwandani kwa haraka, wanawake wengi wakiwa na mifuko ya chakula kama ule wa Nelima. Mfanyakazi wa stesheni akamkaribia kwa upole.

"Mzee, umepotea?"

"La. Nangojea mtu."

"Sawa, mzee wangu. Ngojea kwa kivuli."

Akasogea kivulini. Alikaa pale hadi stesheni ikabaki tupu na ufagio wa yule mfanyakazi ukawa ndiyo sauti pekee, kisha akainuka taratibu, akaenda kutafuta gari la kurudi Githurai.