Posa Iliyokatwa Kodi

Mwishehe, mnadi wa soko la samaki Bagamoyo, hajawahi kucheza kamari maishani mwake. Muulize, atakuapia. Kamari, atakwambia, ni ya wale wahuni wa karata wanaotimua mbio wakiona gari la polisi. Yeye anacheza mchezo wa kubahatisha. Mchezo una leseni, una sheria, na redioni mtangazaji akishamaliza kukushawishi upoteze hela ya unga, hutamka mbiombio, kama anayetubu huku anakimbia: cheza kistaarabu. Basi Mwishehe hucheza kistaarabu. Kila siku, mara nne.

Serikali ilimfanyia jambo ambalo hata mchawi asingeliweza: ilimpa neno. Zamani alikuwa mcheza kamari wa kawaida mwenye haya zake, akimwona shehe anaficha simu kwenye kikoi. Asubuhi moja akasikia kwamba watu kama yeye wanachangia pato la taifa. Haya ikamtoka siku hiyohiyo, na haijarudi.

Kilichommaliza kabisa ni kodi. Kila akishinda, ujumbe huingia kwenye simu: umepata kiasi hiki, kodi imekatwa kiasi hiki, chako ni hiki. Sasa Mwishehe alisoma madrasa mpaka alipochoka, na jambo moja lililomkaa kichwani ni kwamba mali hutakaswa kwa kutolewa zaka. Akaunganisha hili na lile, akapata fatwa yake mwenyewe: cha serikali kimeshakatwa, kwa hiyo kilichobaki ni safi. Wenzake walimwambia akamuulize shehe. Hakwenda. Alisema shehe hana utaalamu wa mambo ya kodi.

Mwaka huu akampenda Hafidha, mjane mkaanga samaki mwenye karai kubwa kuliko yote pale sokoni, na ulimi wa saizi hiyohiyo. Mapenzi ya mnadi huonekana mnadani. Fungu la vibua likishatajiwa bei na Hafidha, Mwishehe alipatwa na kikohozi cha ghafla, asisikie bei nyingine yoyote, na fungu likawa limekwenda. Kina mama wengine walinuna miezi mitatu. Hafidha hakuwakataa vibua, wala hakumkataa mnadi. Alimwambia alete mshenga kwa baba yake mdogo, kwa sharti moja: mahari itoke kwenye jasho. Marehemu mumewe alimlisha halali, naye hatashuka daraja.

Jasho. Hela ya mnadani Mwishehe hakuwa nayo, ilishaingia kwenye simu tangu Jumamosi. Alichokuwa nacho ni mkeka ulioshinda, yaani orodha ya mechi tisa alizozitabiri zikakubali zote, mara ya kwanza ndani ya miaka sita. Na alipoikumbuka ile dakika ya tisini ya mechi ya tisa, aliona kwa dhati ya moyo wake kwamba jasho lilimtoka, tena jingi.

Akaenda kwa Dimple mwenye steshenari, akataka ule ujumbe wa ushindi uchapwe kwenye karatasi na kutiwa plastiki. Dimple aliuliza kama ni cheti cha kuzaliwa.

"Cha mlipa kodi," alisema Mwishehe. "Nipigie plastiki pande zote."

Dimple, ambaye hulipa kodi ya duka mwaka nenda mwaka rudi bila kupata hata ujumbe wa asante, alikitia kwenye mashine.

Ijumaa, baada ya sala, Mbaruku fundi cherehani akaenda kuwa mshenga. Bahasha yake ilikuwa na barua ya posa, mahari, na cheti. Kwa desturi mchumba hahudhurii posa yake, na Mwishehe hakuhudhuria. Alikaa tu kwenye kibaraza cha nyumba ya pili, karibu na dirisha la kina Hafidha, akijifanya anasubiri bajaji. Bajaji tatu zilisimama, zote akazipungia ziende.

Ndani, baba mdogo, Mzee Pazi, mwalimu mstaafu asiyeweza kusoma kitu kimoyomoyo, aliisoma barua akaisifia mwandiko. Akachukua cheti.

"Hongera. Mkeka wako umeshinda." Akainua macho. "Kumbe bwana ni msusi wa mikeka. Vizuri, kazi ya mikono." Akaendelea. "Kodi imekatwa. Cheza kistaarabu." Hapo sauti ikabadilika. "Anacheza nini, Mbaruku?"

Mbaruku akatoa maneno kama alivyofundishwa. Kwamba si kamari, ni mchezo wa kubahatisha. Kwamba serikali imeshachukua fungu lake, kama vile zaka, na kilichobaki hakina doa. Kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo, na Mwishehe huko nje akawa anamsaidia kwa kutikisa kichwa.

Hafidha aliomba ruhusa nyuma ya pazia. Mjane hujisemea mwenyewe, akapewa.

"Mie, shemeji Mbaruku, natoa ushuru sokoni kila siku. Samaki akishaoza, ameoza, hata kama risiti ya ushuru ninayo mkononi. Sijaona risiti iliyomrudisha kuwa mbichi."

"Lakini dada yangu, serikali yenyewe imeridhia."

"Imeridhia kwa sababu inakula. Hebu muulize huyo aliyeko nje anayezirudisha bajaji. Akishinda, wanagawana. Akiliwa, huyo anayegawana naye huja kumpa pole?"

Mbaruku akageuka kutazama dirishani.

"Basi ana mke tayari, tena mke mkubwa, anayekatiwa chake kabla bwana hajafika nyumbani. Mama yangu aliishi ukewenza, naujua. Lakini ukewenza na serikali siuwezi."

Mzee Pazi alicheka mpaka miwani ikamtoka, kisha akairudisha bahasha, kamili, na cheti juu yake.

Mbaruku akatoka. Alimkuta mchumba ameinama, viwiko juu ya magoti, na kwa huruma akadhani mtu anatubu. Akakaa karibu yake.

"Unajua kosa liko wapi?" Mwishehe aliuliza.

"Liko wapi, ndugu yangu?"

"Kodi yenyewe ndogo. Wanakata kidogo mno, ndiyo maana haijatakasika vizuri. Wangekata nusu, Hafidha angekubali. Serikali imeniangusha."

Akasimama, akaichukua bahasha, akaenda nayo kwa wakala wa pesa za simu. Jioni kulikuwa na mechi.