Mkungu wa Nyuma ya Matangi

Walisema sitamaliza hata kiangazi kimoja hapa Ibra, mji wa ndani ya Omani. Jirani yangu, mzee ambaye babu zake hawakuvuka bahari, aliwaambia wenzake kwenye sabla, ukumbi wetu wa mtaa wa kunywea kahawa, kwamba mtu aliyekulia Afrika hawezi kuotesha hata figili katika jua hili. Aliyasema mbele yangu, taratibu, huku akinimiminia kahawa. Nilikuwa nimerudi Omani na mama yangu, na diploma yangu ya majokofu na viyoyozi niliyoisomea Dar es Salaam. Leo nina karakana, nina mafundi, nina nyumba ya ghorofa niliyoijenga kwa jasho langu. Sifichi. Aliyejenga ana haki ya kuonesha.

Kiangazi kilichopita kiyoyozi cha chumba cha mama kilizima, na mafundi wangu wote walikuwa kazini kwa watu. Nikapanda juu ya paa mwenyewe, jambo ambalo sijalifanya tangu niwe bosi. Nilipozunguka nyuma ya matangi ya maji nikatazama ng'ambo ya ukuta, nikaona bembea isiyo na kikalio. Kisha nikaona mteremko wa watoto, umepauka. Kisha viti vya saruji.

Ilikuwa bustani yetu. Miaka ya mwanzo, tulipopanga nyumba yenye ua wa saruji mtupu, watu wa Unguja tulikusanyika pale kila Alkhamisi jioni, na birika na vitumbua, tukazungumza Kiswahili kwa sauti tuitakayo. Mara ngapi nimewaambia watu kwamba ilivunjwa ilipojengwa ile mpya ya barabara kuu! Kumbe nyumba yangu nimeijenga nikiipa mgongo. Geti langu linatazama mtaa mwengine, nami natoka kwa gari na kurudi kwa gari.

Katikati ulisimama mkungu. Mama aliupanda kwa kungu aliyoileta kutoka Unguja, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nusu ya matawi yalikuwa matupu.

Nilishuka, kiyoyozi nimeshakisahau, nikamweleza mama. Alikuwa akikunja nguo. Hata hakuinua kichwa.

"Najua," akasema. "Kila alfajiri nausikia ukipukutika. Majani ya mkungu sauti yake haifanani na nyengine. Lakini mwaka huu yanaanguka mno, mwanangu. Unakufa."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Weye umo ndani ya gari."

Akanambia anataka kukaa chini yake mara moja tu, kabla miguu haijamkataa kabisa.

Jioni ile nilitangaza kwenye sabla kwamba mti ule haufi. Jirani akaniuliza kwa maji gani, maana bomba la bustani lilikatwa zamani. Nilicheka. Mimi ndiye mtu wa viyoyozi. Unguja, mashine moja hukamua hewani na kudondosha ndoo nzima ya maji kabla ya alasiri, nami ninazo kila chumba. Nikaunganisha mipira yake yote ya kutolea maji, nikaiingiza kwenye pipa moja, na kesho yake nikawaita wazee waje waone elimu.

Tulifunua pipa. Chini palikuwa na unyevu tu. Hewa ya Ibra kavu, haina cha kukamuliwa. Nimeuza mashine hapa miaka yote, na bado hesabu yangu ilikuwa ya hewa ya pwani. Jirani akatia kidole, akakitazama.

"Figili ingekunywa hii," akasema kwa Kiarabu, "halafu ikaomba maji."

Walicheka mpaka kilemba cha mmoja kikafunguka. Lakini mshituko mkubwa ulikuwa bado. Jirani akapangusa kidole, akasema falaji inapita ukutani mwa bustani, na zamu yake ya maji inayofuata atanikopesha mimi. Falaji ni mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani. Kila mwenye shamba ana zamu, na zamu yake anaweza kumkopesha amtakaye. Maji hulipwa kwa maji, hayalipwi kwa kitu chengine. Ya kwangu yalitosha kishamba changu cha mitende na mindimu tu. Nilimuuliza kwa nini yeye, yeye hasa.

"Mke wangu alipokuwa na mimba," akasema, "hakutaka kula ila kungu za mti ule. Mama yako alimletea kila siku. Wewe hukujua?"

Sikujua. Na wengine, aliposema yeye, hawakukubali kubaki nyuma, nao wakanikopesha zamu zao.

Kiangazi chote nilichimba kwa jembe, mimi mwenye ghorofa, nikazibua maji kwa kutoa tambara na jiwe vinavyoziba tundu la mfereji. Mkungu ukachipua. Alkhamisi moja tulimbeba mama na kiti chake, akakaa kivulini, akala kitumbua, akawasema wote waliopita.

Kulipokuwa baridi nilianza kulipa. Zamu zangu zikaenda kwa mmoja, kisha kwa mwengine, mindimu yangu ikajikunja majani. Wa mwisho alikuwa jirani. Alisimama na bakora yake kuhakikisha siyafungi maji yake mapema.

"Nilisema hutaweza," akanambia.

"Nilisikia," nikamjibu. "Ulikuwa unanimiminia kahawa."

Nikampigia mama simu pale pale mferejini, nikamwambia sidaiwi maji na mtu yeyote Ibra.

"Haya, njoo unywe chai," akasema. "Na upite bustanini, kwa miguu."