Nilikamua Maziwa Shuleni, Nyumbani Yakamwagwa Migombani

(Mwandishi wa barua hii ni mwalimu wa kike. Jina lake na la shule tunayo sisi, na hayatatoka hapa. Wasomaji, someni kwa utulivu kabla hamjashika kalamu.)

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, nimeolewa Mkuza, nina mtoto mmoja wa kiume wa miezi mitano. Nafundisha darasa la wasichana, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani. Mwalimu wa kike ni mimi peke yangu. Wazazi wameniambia waziwazi kwamba siku nikiacha kazi, watawatoa binti zao. Nawaeleza haya mapema ili msije mkaniandikia "acha kazi" kama kwamba sijawahi kulifikiria.

Mtoto alipotimiza miezi miwili niliitwa kazini. Nesi wa kliniki akanifundisha kukamua maziwa kwa mkono. Basi nikajipangia ratiba. Alfajiri nakamua kopo la kwanza, namwachia mama mkwe ampe mtoto kwa kijiko. Saa nne, kengele ya mapumziko ikigongwa, najifungia stoo ya majembe, nakamua kopo la pili. Mama mmoja anayeuza vitumbua shuleni hurudi kwao kwa kupitia kwetu, ndiye aliyenipelekea. Mapumziko ni dakika ishirini. Kumi na tano za kukamua, tano za kufunga vifungo na kujifuta. Chai nilisahau ladha yake. Walimu wanaume walinitania, "Bibi Mwalimu, huko stoo unalima nini?" Nikacheka nao. Niliona nimeweza.

Nyumbani kuna wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Ameolewa Masaki, si ile ya mjini, ile ya shamba kwenye mikorosho, alikuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Mtoto wake akafariki akiwa na wiki tatu, siku chache kabla sijarudi kazini. Alibaki kwetu apate nguvu, akawa hasemi, hali, amekaa tu ukumbini.

Siku moja wanafunzi waliruhusiwa mapema, nikafika nyumbani saa sita. Wifi amekaa mkekani, mwanangu yuko kifuani mwake ananyonya. Mama mkwe yuko nyuma ya nyumba, anamwaga kopo langu kwenye shina la mgomba. Kopo la saa nne ya siku hiyo, bado lina uvuguvugu.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hayo si maziwa ya mtoto?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo yenyewe. Nayamwaga tangu siku ya kwanza." Hakubabaika hata kidogo. "Anayekamua maziwa yake akayatia koponi ni mwanamke aliyefiwa. Hukumwona wifi yako alivyokuwa akikamua hapa hapa tulipotoka kuzika? Wewe mtoto wako mzima, unakamua, unamwitia nini? Na mtoto analia njaa, na huyu kifua kimemjaa mpaka homa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Wifi hakuinua macho. Alisema taratibu, "Wifi, nisamehe. Akininyonya ndipo napata usingizi."

Mtashangaa nilifanya nini. Niliuliza kama kuna chakula. Nikapakuliwa ugali na mchicha, nikala, nikaosha sahani, nikasahihisha madaftari. Nilingoja hasira ije, haikuja. Kilio nacho hakikuja. Mpaka leo sijalia, na mimi si mtu mgumu, wallahi, harusini tu nililia mpaka wakanicheka.

Wiki nzima baada ya hapo niliendelea kukamua. Kengele ikigongwa miguu inaenda stoo yenyewe. Nikikamua, namwaga mwenyewe, nafunga vifungo, narudi darasani kufundisha kugawanya. Kisha nikaacha, na maziwa yakaanza kupungua. Jioni nikimpakata mwanangu ananyonya mara mbili tatu, anageuza uso, anamtafuta shangazi yake. Wifi ananyoosha mikono na kumpokea. Sasa wifi anakula. Anaimba akifua nepi. Majirani wanasema Mungu amemrudishia uhai, na ni kweli, nimeuona kwa macho yangu.

Sasa sikilizeni. Mume wa wifi ameleta habari kuwa akimaliza kuokota korosho atakuja kumchukua mkewe. Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha jioni, mama mkwe alituita sote. Wifi anaomba aende Masaki na mtoto mpaka amwachishe ziwa, akitimiza miaka miwili. Mume wangu akasema, "Mimi sina neno, ni dada yangu. Mama yake ndiye aseme." Wote wakanigeukia. Nilikuwa na daftari mapajani, hesabu ya kumi na moja, msichana kakosea kubeba moja. Nikaandika alama ya kosa, nikasema, "Sawa."

Wifi alinishika miguu akalia. Mama mkwe akaniombea dua. Mimi nikafungua daftari jingine.

Tangu hapo nepi zake zimekunjwa kwenye kikapu cha wifi. Kila siku napita pale, naziona, nakwenda kazini. Nimehesabu vidoleni, atakaporudi atakuwa anakimbia na anasema maneno mengi, na neno "mama" atakuwa amekwisha kumpa mtu. Hili najua linapaswa kuniuma. Najifinya nione kama linauma.

Kina mama mnaosoma, na kina baba pia, niambieni. Neno nililolitoa mbele ya watu, bila hata kunyanyua kalamu, naweza kulirudisha? Nikimzuia mtoto, wifi atarudi alikokuwa, na mtoto nitamnyonyesha nini, maana jana nilijikamua nikapata matone ya kulowesha kidole tu? Nikimwacha aende, je, mimi bado ni mama yake? Andikeni upesi. Korosho huko Masaki zimeanza kuanguka.