Bwana Nosrat, Mkia wa Msafara

Kila baridi ikianza, Bwana Nosrat husema anaacha. Na kila mwaka hakuna anayemsikiliza, kwa sababu huwa amelisema vizuri mno.

"Jamani, mwaka huu tafuteni mtu mwingine wa kukaa nyuma," husema, mkono kifuani, kichwa kimeinama kidogo. "Mimi nimezeeka."

"Mungu apishie mbali," hujibu Mhandisi Kiumars, kiongozi wa kundi letu la wapanda mlima. "Bila wewe sisi ni nani?"

"Mnaniheshimu tu. Kweli nimechoka."

"Kivuli chako kisituondokee, Bwana Nosrat."

Mazungumzo huishia hapo. Mjini kwetu Hamadani mgeni akikataa chai mara ya kwanza, huondoi kikombe. Akikataa mara ya pili, unakisogeza karibu zaidi. Na mtu akisema anaacha jukumu, unamkatalia mpaka alishike tena, ndiyo adabu. Mimi nauza glavu na makoti ya ngozi, na mteja akiniuliza bei namwambia achukue tu, si kitu baina yetu. Hachukui. Anauliza tena, ndipo tunaanza kazi. Siku mtu akichukua kweli, nitamfuata mpaka barabarani. Basi tatizo la Bwana Nosrat lilikuwa hilo: alikuwa anasema kweli kwa maneno yale yale ambayo sisi wengine tunayasema kwa adabu tu.

Ni fundi wa majiko ya kupasha nyumba joto. Tangu jalidi ya kwanza mpaka Mwaka Mpya wa machipuko simu yake hainyamazi. Siku sita za juma amepiga magoti kwenye sakafu za watu, mkono umezama kwenye bomba la moshi mpaka begani, anakwangua masizi huku mwenye nyumba amesimama juu yake akiuliza bado kiasi gani. Siku ya saba, Ijumaa, badala ya kulala anavaa viatu vya mlima. Mkewe, Bi Batul, aliacha zamani kumuuliza kwa nini.

Mlimani alipelekwa na daktari. Kifua chake kilikuwa kinakwaruza kwa yale masizi, akaambiwa atafute hewa safi. Ijumaa yake ya kwanza, mwanamke mmoja alisimama kufunga kamba za viatu. Watu wakampita. Bwana Nosrat akaona si heshima kumpita mwanamke aliyeinama, akasimama kando akitazama kwingine mpaka amalize. Mhandisi aliwaona toka juu, akasema, "Tumepata mkia." Hivyo tu. Cheo kikamkaa kama koti la mtu mwingine, na hajalivua tangu hapo.

Kazi ya mkia si nyepesi. Anatembea wa mwisho, na hakuna anayekuwa nyuma yake. Anabeba kamba, mkoba wa dawa na vitambaa vya vidonda, na vyote vinavyodondoka: kofia, miwani, ganda la chungwa ambalo mtu amelitupa akidhani haonekani. Mtu akienda haja, mkia husimama amempa mgongo. Na pumziko lake ndilo fupi kuliko yote. Waliotangulia hukaa wakinywa chai kwa kumsubiri. Anapofika wameshapiga picha, miguu imeanza kuwaganda, na Mhandisi anasema, "Haya, Bwana Nosrat amefika, tuondoke." Hunywa chai yake akiwa amesimama, nusu kikombe, nyingine anaimwaga.

Mwaka huu nilimwona mapema kwamba haendi sawa. Mimi sijifanyi nina moyo mwororo, ila maisha yangu yote nimepima watu kwa macho kabla hawajafungua mdomo, na nilimwona anashuka kwenye basi dogo kwa mguu wa kushoto tu, ule wa kulia anauteremsha kwa mkono kama mzigo. Nikamuuliza, "Goti?"

"Salama, Dada Turan. Limelala vibaya tu."

Siku yenyewe tuliyokusudia kupita mgongo wa mlima Alvand kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa katikati ya baridi. Theluji ilikuwa imeshuka juma zima na juu yake upepo umeifanya ngumu kama ngozi isiyolainishwa. Tulifunga vyuma vya meno viatuni, tukapanda alfajiri, na jua lilipochomoza, bila joto lolote, tulikuwa tumeshakaa juu ya mgongo. Mgongo ule ni mwembamba. Upande mmoja theluji imejenga pindo linaloning'inia hewani, na ukikanyaga hapo hukanyagi kitu. Upande wa pili ni mteremko mrefu unaoishia usikoona. Kwa hiyo watu hutembea mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kupanga safu, na huwezi kugeuka kila mara kutazama nyuma. Badala yake tuna desturi yetu. Mhandisi akiwa mbele hupiga ukelele, "Mkia?" Neno hupita mdomo kwa mdomo mpaka nyuma, Bwana Nosrat hujibu, "Upo!" na jibu hurudi mbele kwa njia ile ile.

Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Mbele yangu alikuwa Yadollah, mwoka mikate, mtu wa mdomo usiochoka hata miguu ikichoka.

"Mkia?" akaniuliza Yadollah.

"Mkia?" nikauliza nyuma.

"Upo!"

Ukapita muda. Upepo ulikuwa unatupiga ubavuni, kila mtu ameinama, hakuna anayezungumza. Uchovu wa mgongo wa mlima si kama wa kupanda. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, ukidhani umefika unakuta nundu nyingine, na kila nundu inafanana na ile uliyoiacha.

"Mkia?"

"Upo!"

Sikulipenda jibu lile. Neno lilikuwa lile lile lakini lilitoka mbali. Mara ya tatu lilikuja kwa shida, limekatwakatwa na upepo. Na desturi yetu haiulizi mkia uko wapi. Inauliza kama upo. Angeweza kulijibu swali lile mpaka jioni, kila safari akiwa nyuma zaidi, na mbele wangeendelea kuridhika.

Nikasimama. "Yadollah, waambie wasimame."

"Umechoka, dada? Leo duka limefungwa mapema."

"Waambie wasimame."

Nikageuka taratibu. Bwana Nosrat alikuwa mbali, ameketi kwenye theluji, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake. Aliponiona akaanza kuhangaika na kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri.

"Nakaza tu hii," akasema nilipomfikia. "Nendeni, nakuja."

"Tangu lini unakaza?"

"Sasa hivi."

Theluji aliyokalia ilikuwa imeshabonyea na kugeuka barafu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikavua glavu nikamshika goti juu ya suruali. Lilikuwa limevimba, limejaa kama mkate wa Yadollah kabla haujatobolewa. Hakusema ameumia, ila alivuta pumzi kupitia meno.

Mhandisi akarudi akipita pembeni ya watu mmoja mmoja. Niseme kwamba si mhandisi. Anauza mashine za kuchemshia maji, ila duka lake lina kioo kikubwa, na kwetu mwenye kioo kikubwa huitwa mhandisi. Ni mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa unatutia hatarini.

Tulipokuwa tumesimama palikuwa ndipo pahali pekee pa kuuacha mgongo. Kuna bonde jembamba linaloshuka hadi kwenye kibanda cha mawe, na toka kibandani njia inafahamika. Ukilipita bonde hilo, huna tena pa kushukia mpaka mwisho kabisa, na mtu asiyeweza kutembea itabidi alale juu. Kule juu, baridi ile, mtu halali akaamka. Hilo lilijulikana na kila mmoja wetu. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kuamua hapo hapo: tunashuka, au tunaendelea naye.

Mhandisi akainama. "Bwana Nosrat, roho yangu, tushuke?"

"Kwa ajili yangu? Hasha."

"Si taabu hata kidogo. Sisi ni watumwa wako."

"Mimi ndiye vumbi la miguu yenu. Mmejiandaa mwezi mzima. Endeleeni."

"Tushuke, Bwana Nosrat. Nakusihi."

"Wallahi sikubali."

Mhandisi akasimama wima, ametulia. Ameomba, amekataliwa, ameomba tena na tena, amekataliwa. Kwa adabu zetu hesabu ilikuwa imefungwa. "Amekataa," akaniambia. "Nimwombe vipi tena?"

"Umemuuliza kama unayemkaribisha pilau," nikasema. "Atakubali vipi?"

"Sasa nifanye nini, nimtukane?"

Mimi dukani simwulizi mtu kama anataka. Naweka kitu mezani, nasema langu, nanyamaza. Nikaketi kwenye theluji kando ya Bwana Nosrat, nikafungua shanta langu, nikatoa chupa ya chai.

"Mimi nashuka hapa," nikasema. "Nimechoka."

Yadollah akacheka. "Dada Turan amechoka? Huyu aliyemchosha mtoza kodi mpaka akaenda nyumbani?"

"Nimechoka, na mkia haumwachi aliyechoka. Bwana Nosrat atashuka na mimi. Nyie endeleeni mkipenda."

Nikamimina chai, nikampa kikombe. Ilikuwa bei nzuri. Angeshuka bila kusema kwamba ameshindwa, na kesho angenisimanga mimi kwa uvivu wangu. Mhandisi aliielewa na uso ukamfunguka. Bwana Nosrat naye aliielewa. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili akakitazama mpaka mvuke ukaisha.

"Wewe hujachoka," akasema.

"Najua mwenyewe kama nimechoka."

"Hujachoka, Dada Turan. Nikishuka na wewe leo, Ijumaa ijayo niko pale pale nyuma." Akaweka kikombe chini. Hakuweka mkono kifuani, wala hakuinamisha kichwa. "Ni mimi. Goti limekwisha. Siwezi kupanda hata nundu hiyo inayofuata. Na si leo tu. Kazi hii siitaki. Miaka mitatu sasa siitaki."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Kisha Mhandisi, mazoea yakamtangulia, akafungua mdomo. "Mungu apishie mbali, Bwana Nosrat, bila wewe sisi—"

"Usiniambie hivyo, Mhandisi. Kila mwaka unaniambia hivyo, na kila mwaka narudi. Niambie sawa."

Upepo ukapiga. Mhandisi alikuwa amekunja uso kama anayemeza dawa. Nadhani maishani mwake hakuwahi kumwambia mkubwa wake neno tupu namna ile.

"Sawa," akasema.

"Ahsante."

Tukaanza kushuka. Palikuwa na ubishi kidogo wa nani ashike nyuma, na Mhandisi akanitazama mimi.

"Usinitazame," nikasema. "Mimi sipewi kitu cha maisha kwa sababu nilisimama mahali siku moja. Leo unashika wewe. Ijumaa ijayo mwingine, na inayofuata mwingine. Kila mtu atakunywa chai yake amesimama."

"Kiongozi anakaa mbele."

"Njia ya kibandani hata kondoo wanaijua. Yadollah atatangulia. Kaa nyuma."

Akajaribu kupunguza: yeye asiwemo katika zamu. Nikakataa. Akajaribu tena: basi ashike mara moja tu kwa mwezi. Nikamwambia zamu ni zamu. Tukakubaliana kabla hatujafika nusu ya bonde, na nilipogeuka alikuwa nyuma kabisa, amebeba kamba, kofia ya mtu mfukoni.

Bwana Nosrat alikuwa katikati, mkono wake begani mwangu. Alikuwa mzito. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama nyuma, akihesabu, kisha akakumbuka, akageuka mbele tena. Msafara wote ulikwenda kwa mwendo wake, ambao ni mwendo wa mtu anayebeba kabati ngazini, na hakuna aliyelalamika kwa sababu nadhani wote tulikuwa tumechoka tangu asubuhi tukiona haya kusema. Jua lilikuwa limeshainama tulipofika barabarani. Kwenye basi dogo alilala kabla injini haijapata moto, mdomo wazi, na Yadollah akamvutia koti kifuani.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Mhandisi alimpigia simu, Bi Batul akapokea akasema amelala, na hakumwamsha. Tulipita mgongo mfupi, Yadollah nyuma, akilalamika njia nzima kwamba chai imemfikia baridi.

Siku chache baadaye jiko la dukani kwangu lilianza kutoa moshi, nikamwita. Alikuja na mkoba wake wa vyombo, anachechemea kama kawaida. Nikamuuliza Ijumaa ilikuwaje.

"Nililala. Batul aliniamsha nile, nikala, nikalala tena."

"Umepumzika?"

"Bado." Alilitazama jiko, kisha akatazama sakafu yangu, ambayo ni ya mawe na ni baridi. Nilimwona anataka kushuka chini kama anavyoshuka siku zote, akasita, akaegemea meza.

"Dada Turan, nipe kitu niweke chini ya goti," akasema. "Kiwe kinene."

Nikampa mabaki ya ngozi ya kondoo, yenye manyoya yake. Akaikunja, akapiga goti juu yake, akaingiza mkono kwenye bomba.