Nani Aponywe Kwanza

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya swali ambalo ningemweleza mama angenipeleka nikaombewe: je, ni mimi ninayewaua wenzangu?

Wenzangu ni wanne, wa kwenye simu. Tunacheza gemu la mtandaoni, watu watano, kila mmoja na kazi yake, na kazi yangu ni kuponya. Nilikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, maombi ya kazi yasiyojibiwa, na vidole vinavyonuka vitunguu saumu ninavyovisafisha kwenye stoo ya nyumbani, kijijini Tumati. Hiyo ya uponyaji ndiyo ilikuwa kazi pekee ambayo nikichelewa mtu anauliza niko wapi. Sasa kiongozi wetu, kijana wa Mwanza aliyemaliza kidato cha sita juzi tu, alikuwa ameandika kwenye kundi: "Jumamosi tukishindwa tena, dada nesi atupishe. Kuna mtu anataka nafasi."

Ujumbe ule niliusoma mpaka nikaanza kutafuta maana kwenye nukta. Alisema "atupishe", hakusema "tutamfukuza". Labda kuna nafasi ya kurudi. Labda huyo mtu ameshaingia, na Jumamosi ni ya kunistahi tu.

Uponyaji niliuanza vibaya. Mwanzoni nilimponya kila aliyekwaruzwa, nguvu zikaniishia kabla joka tunalopigana nalo halijakasirika. Baadaye nikajifunza kuiacha mikwaruzo. Nikajifunza kuhesabu: joka linavuta pumzi, moja, mbili, tatu, linapiga, tiba inatakiwa iwe imeshatoka kwenye mbili. Nikajifunza hata kutoitazama vita. Natazama vistari vitano vya kijani pembeni ya skrini, uhai wa kila mtu, vinavyopungua na kujaa. Mpaka leo ukiniuliza joka lile lina rangi gani nitakudanganya. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa mzuri kweli. Nilijua kwa sababu hakuna aliyenitaja. Mponyaji akitajwa, ujue mtu amekufa.

Kisha tukaacha kuandikiana, tukaanza kuongea kwa sauti. Siku ya kwanza mpiga mishale wetu, ambaye kwa alivyokuwa akirukaruka nilimdhani mwanafunzi, akakohoa. Kikohozi cha mtu mzima kabisa.

"Haya vijana, nimetoka kuswali. Tuendelee."

Alikuwa mzee wa Katesh, muuza spea za baiskeli. Maumivu ya mguu yalimtoa dukani, wajukuu wakamfundisha gemu.

Mdomo wangu ukatangulia. "Shikamoo!"

Kiongozi alicheka mpaka akapigwa. "Dada nesi, unaamkia watu katikati ya vita?"

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Na wewe kijana mwache. Huyu amelelewa."

Tangu siku hiyo tukawa tunashindwa.

Nililaumu mtandao. Nikahama kutoka kwenye ukuta wa zizi nilikozoea kuchezea, nikawa nakaa juu ya jiwe la mwisho wa shamba, ambako simu inashika vizuri. Nikabadilisha bando. Nikajiuliza kama macho yangu yameharibika. Ijumaa nikafungua video za mapambano yetu, maana kiongozi huwa anarekodi, nikaangalia vistari peke yake. Kiongozi ndiye anayesimama mbele na ngao kupokea mapigo yote, na uhai wake ulikuwa umebaki robo. Wa mzee ulikuwa umepungua kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Tiba yangu ikaenda kwa mzee. Kiongozi akaanguka, halafu sisi wote. Nikafungua pambano lingine: vilevile. La tatu: vilevile.

Nilikuwa naponya kama ninavyopakua chakula. Nyumbani sahani ya kwanza ni ya babu, na sijui ni nani alinifundisha; mkono wenyewe unajua. Tangu nisikie kile kikohozi, kidole gumba changu kilikuwa kinampakulia mzee.

Kujua hakukunisaidia. Nilianza kumwandikia: "Shikamoo mzee, samahani, naomba nikuache ufe." Nikafuta. Nikaandika tena bila "samahani". Nikafuta. Nikawaza nijitoe mwenyewe kabla sijafukuzwa, niseme nimepata kazi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunalima kwa ng'ombe. Kaka ameshika plau, babu amekaa pembeni ya shamba na fimbo yake. Mama akaleta uji, nikajaza kikombe cha kwanza nikaelekea kwa babu.

"Wewe, unakwenda wapi na huo uji?" mama akaita. "Babu yako amelima nini leo? Mpe wa plau!"

Nilisimama. Nilimtazama babu nione kama amekasirika.

"Mpe," akasema. "Ng'ombe wakishazubaa hapo, kuwaondoa ni kazi. Mimi nipo tu, siendi popote."

Kaka alikunywa huku ameshika plau kwa mkono mmoja. Babu alikunywa wa tatu, akalalamika kwamba umepoa, akaomba mwingine.

Mchana nikapanda kwenye jiwe. Wenzangu wote walikuwa wameshaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mguu leo hauna adabu."

Nusura ninyamaze. "Mzee, nina neno. Leo sitakuponya."

"Weee!" kiongozi akasema.

"Mpaka wa mbele awe salama. Nimeangalia video. Nilikuwa nakupa wewe kwanza kwa sababu ni mkubwa, ndiyo maana tunakufa. Ukiona umepungukiwa, rudi nyuma mwenyewe."

Nilisikia pikipiki ikipita kwake Katesh. Niliwaza nimwombe radhi, kisha niliwaza kwamba nikiomba radhi nitamponya.

"Kumbe!" mzee akasema. "Na mimi huku nawatambia wajukuu kwamba babu yenu anajua kukwepa!"

Tukaingia. Joka likavuta pumzi. Mstari wa kiongozi ulishuka na wa mzee ukashuka pamoja nao, nusu, robo, ukabaki kama ukucha. Kidole kikaenda upande wake. Moja. Nikakirudisha. Mbili. Nikampa kiongozi.

Mstari wa mzee ukazimika.

"Usinitazame, mwanangu," akasema kutoka chini. "Hesabu."

Nikahesabu, nikampa kiongozi tena.