Jiwe la Zambarau Halipimwi kwa Moto

Saa mbili asubuhi, Ng'ambo, mjini Tabora. Dafrosa Bundala anasaga jiwe la pete, maji yanamchuruzika hadi viwikoni. Mlangoni anasimama Wilbroad, mkulima wa tumbaku aliyekuja kwa baiskeli kutoka Goweko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mihogo?"

Wilbroad anafungua kitambaa alichoshika. Mawe mawili: moja la zambarau, jingine la manjano, limejaa nyufa.

"Yote yalikuwa zambarau," anasema Wilbroad. "Hili nikalitia kwenye moto wa bani la kukaushia tumbaku. Si wanasema jiwe la kweli haliogopi moto? Likageuka. Ni feki?"

Dafrosa anacheka. "Umelipika, baba! Hata mimi la kwanza nililipika."

Miaka kumi na tisa ya kusaga mawe imemfundisha. Analikwaruza la zambarau kwa kisu, halishiki alama. Analipitisha juu ya kipande cha chupa, chupa inachubuka. Analiinua juani: rangi imekaa kwa mikanda, huku imekolea, kule imefifia, wala hamna viputo kama vya kioo.

"Amethisto halisi. Ni ndugu wa kwatzi, yale mawe meupe yanayowavunjia majembe shambani. Zambarau hii inatokana na chuma kidogo kilichomo, na moto unaibadilisha."

Wilbroad anatabasamu. "Basi tunaendelea kuchimba. Shimo limefika mita saba. Tunamshusha Kabula wangu kwa kamba, maana ni mwembamba."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Dafrosa anazima mashine. Mumewe, Damas, alifukiwa na shimo la namna hiyo huko Sikonge. Walipomtoa, kiganja kilikuwa kimefumba jiwe kama hili. Hajalisaga mpaka leo.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea: jiwe likishapata jina, mtoto anasahaulika.

"Baba Kabula, kuwa halisi siyo kuwa adimu. Haya yapo tele. Saa hizi mtoto yuko wapi?"

Wilbroad anatoa simu.

"Mama Kabula? Mvuteni juu. Nasema mvuteni, sasa hivi!"

Wanasubiri. Simu inakoroma upepo tu. Kisha sauti nyembamba inayohema:

"Shikamoo, baba."

Wilbroad anakaa kizingitini, simu sikioni.

Dafrosa anachukua lile jiwe la manjano. "Niachie hili. Nitalitundika hapa mlangoni. Kila mzazi atakayeuliza ni jiwe gani, kwanza nitamwuliza mwanawe yuko wapi."